Huyu ni Nani Kwako?

Kitshanga siku ya soko si mahali pa kupendana; ni mahali pa kukanyagwa. Pikipiki zinapiga honi utadhani honi ndiyo petroli, akina mama wamepanga mafungu ya viazi hadi katikati ya barabara, na ng'ombe wanaoshuka kutoka malishoni hawamwombi mtu njia. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Stéphane Paluku, katoni ya vipaza sauti begani, akibishana na dereva wa pikipiki juu ya kamba. Hakumwona fahali mwekundu aliyekuwa ameukasirikia mwavuli wa mtu na sasa alikuwa anakuja mbio.

"Weye wa katoni! Toka ku barabara!"

Aliruka kabla ya kuelewa. Wala hakuruka peke yake: nusu ya soko iliruka, mpaka wazee waliokuwa wamekaa salama barazani. Fahali akapita. Stéphane alipoinuka kutoka mtaroni, suruali yake ya kahawia imegeuka nyeusi, alimwona dada mmoja wa sketi ya kitenge cha kijani iliyomkaa vizuri kiunoni, viatu mkononi kwa ajili ya matope, anacheka hadi machozi.

"Pole, kaka. Uko muzima?"

"Miye niko muzima. Suruali njo imekufa."

"Suruali inafuliwa."

"Aksanti, dada. Lakini hiyo sauti uliitoa wapi? Miye nauza vipaza sauti, na sijaona hata kimoja kinakushinda."

"Nafundisha darasa la kwanza kule Lushebere. Watoto bamejaa mpaka ku dirisha. Ukisema polepole, unajisemea peke yako."

Akamwomba namba ya simu. Ya nini? Akitokea ng'ombe mwingine, amwite. Dada akacheka tena, akampa. Jina lake Kétsia.

Basi ndivyo yalivyoanza, na msiniulize yalikwendaje haraka hivyo. Stéphane alikuwa mtoto wa Butembo, Mkatoliki, mfanyabiashara kama baba yake. Pamoja na dada yake mkubwa, Mbambu, walikuwa na duka la sahani za umeme wa jua, redio na betri pale Walikale. Jioni, wateja wakipungua, alikwenda kusimama nyuma ya duka penye mtandao, mkono mmoja sikioni, mwingine akifukuza mbu.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula fufu na sombe. Na weye?"

"Miye nimekula sauti yako."

"Basi utalala njaa, sha."

Alipopata nafasi alipanda pikipiki, akakata msitu na milima hadi Lushebere, akafika na vumbi kwenye kope. Walitembea hadi parokia na kurudi, akimbebea madaftari ya watoto. Alimpenda. Alimpenda mpaka Mbambu alianza kuficha pesa ya mauzo, maana mdogo wake alikuwa anarudisha chenji huku anatabasamu na ukuta.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Stéphane hakumwambia.

Mwaka ule serikali ya jimbo ilitangaza zabuni. Ilitafuta kampuni ya kusaidia mpango wake wa tahadhari ya dharura huko Masisi na Walikale: kutunza vipaza sauti vijijini, kutengeneza kinachoharibika, kufundisha walinzi wa mito, kutayarisha maneno ya kuwaambia watu pale mto unapofura au kilima kinapotaka kuporomoka. Stéphane aliitaka kazi hiyo kama mtu anavyotaka maji. Mvua zilizopita, kijito kimoja kilikuwa kimeingia kijijini penye daraja la miti, njia anayopita yeye kila mara. Kipaza sauti kilikuwepo juu ya mlingoti. Betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Watu wakazikwa, na yeye duka lake limejaa betri. Tangu hapo hakuweza kupita pale bila kuinua macho kuangalia ule mlingoti.

Kwa hiyo alitayarisha zabuni yake kwa miguu. Alishuka mabondeni, akawauliza akina mama kisimani wanasikia nini na hawasikii nini. Akajaribu betri ipi inavumilia mawingu. Kila jioni yeye na Mbambu walikaa kwenye meza ya duka, wakiandika na kufuta.

"Usiseme kwa mutu," Mbambu alimwonya. "Chakula chenye hakijaiva hakifunuliwe."

"Hata kwa Kétsia?"

"Yee ni mutu ao si mutu?"

Ndivyo walivyolelewa. Kwao biashara husemwa ikishamalizika. Mama yao mwenyewe alijua baba amenunua lori siku lori lilipopiga honi mlangoni. Kétsia naye alikuwa na lake. Alisema mara moja tu, kwamba kuna kazi akina mama wa Lushebere wamempa, na ameapa kutoitaja hadi siku yake ifike.

"Basi tuko wawili," alisema Stéphane, wakacheka. Wajinga wawili, nasema mimi.

Zabuni ilitaka pia mfano wa tangazo, sauti ya mtu, kwa maneno ya watu wa huku. Stéphane hakufikiri mara mbili. Alimkuta Kétsia uwanjani mwa shule, watoto wameshatawanyika.

"Nikopeshe sauti yako."

"Ya kufanya nini?"

"Utajua ikiiva."

Alikuwa ameandika: Hatari! Hatari! Kimbieni! Kétsia akasoma, akatikisa kichwa.

"Stéphane, huku ukisema kimbia, batu batazani ni vita. Batabeba mikeka, bateremuke mbio ku barabara. Na barabara njo maji inapitia."

"Basi tuseme aje?"

Alifikiri kidogo, akavuta pumzi, akasema karibu na simu, taratibu, kama anayewaita watoto kutoka mchezoni: "Hii haiko vita. Ni maji. Watu wa bondeni, mupande ku parokia. Mubebe watoto, muache bintu. Musikimbie, mutembee."

Stéphane aliisikiliza njia nzima hadi Walikale, na kila mara aliona nywele zinamsimama.

Siku ya kufungua bahasha alivaa suti ya buluu, akafuta viatu kwa jani la mgomba, akaingia kwenye ukumbi wa Masisi pamoja na wafanyabiashara wenzake. Sheria iliruhusu walioleta zabuni waje kuona kwa macho yao. Akakaa, akainua uso. Kwenye meza ya komisheni, wale wa kuchagua mshindi, kati ya ofisa wa mazingira na mama mwenye miwani, alikaa Kétsia, blauzi nyeupe, kitenge cha maua ya njano. Mbele yake kibao: Mwakilishi wa akina mama, Lushebere.

Moyo ulimwanguka hadi kwenye soksi. Kétsia naye alimwona. Alitabasamu kwanza, masikini, akidhani kipenzi chake amekuja kumwona kwenye kazi kubwa. Kisha akaona bahasha mapajani mwa kila aliyekaa mstari ule, na lile tabasamu likafa.

Bahasha ya kwanza ikafunguliwa, tangazo lake likasikilizwa. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa ya Stéphane, na kutoka kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wote, ikatoka sauti ya Kétsia. Hii haiko vita. Ni maji.

Vichwa vyote viligeukia mezani. Nyuma mtu akasema kwa nguvu, "Aah! Kumbe bashamaliza kugawana!"

Mama mwenye miwani, Mama Anastasie, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Hakupandisha sauti. "Mademoiselle Kétsia, hii sauti ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Ulijua inaenda wapi?"

"Hapana."

"Na huyu bwana ni nani kwako?"

Kétsia alisukuma kiti nyuma, akasimama. "Nilizani najua," alisema. Akatoka nje.

Mama Anastasie akawasomea kanuni, polepole, kila mtu asikie. Mjumbe wa komisheni hawezi kuwa na ndugu wala mchumba kati ya walioleta zabuni. Ikionekana hivyo, bahasha inatoka. Na mjumbe aliyekula pesa ya mleta zabuni anatolewa yeye, jina lake linapelekwa kwa waliomtuma. Wakutane tena baada ya chakula, bwana Stéphane ajieleze.

Alimpigia Mbambu, akamweleza.

"Sema ni mutu wa kulipwa," alisema Mbambu. "Ulimulipa juu ya sauti, basi, hamujuane. Bahasha itabaki."

"Na yeye? Batasema alikula rushwa."

"Kesho utamuomba musamaha," alisema Mbambu, lakini sauti yake mwenyewe haikuamini.

Alimkuta Kétsia kwenye ngazi za nyuma, anavunjavunja kijiti.

"Kétsia..."

"Ulinipenda miye ao ulipenda kiti yangu?"

"Kiti gani? Sikujua kiti! Naapa."

"Na sauti? Ulichukua, ulinyamaza. Nilikupa kama mutu anapeana maji ya kunywa, hata sikuuliza mara mbili."

"Na weye ulinyamaza juu ya komisheni."

"Nilikuwa nimeapa! Weye ulikuwa umeapa kwa nani?"

"Kwetu biashara haisemwe kabla..."

"Kwetu, kwetu! Basi uoe duka, Stéphane." Akasimama, akakung'uta kitenge. "Unajua mama yangu atanunua chumvi wapi, kama batasema binti yake aliuza kura? Unajua nitasimama aje mbele ya batoto?"

Na kwa kweli Stéphane alistahili kila neno.

Baada ya chakula ukumbi ulijaa kupita asubuhi, maana habari ya aibu haihitaji mlingoti. Kétsia alikaa kwenye kona, macho kwenye sakafu.

"Bwana Stéphane," alisema Mama Anastasie, "nakuuliza swali ileile. Huyu dada ni nani kwako? Ulimulipa?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini, mfupi na mtamu. Aliufikiria, nisiwafiche. Alifikiria miezi yote ya mabondeni, akamfikiria mzee mmoja wa darajani aliyemwambia, mwanangu, ukipata hiyo kazi tutalala. Kazi yake ilikuwa nzuri, alijua. Kisha akamtazama Kétsia, akaona mabega yake yalivyojikunja, kama mtu anayengoja kupigwa.

"Sikumulipa kitu, mama. Hakujua sauti ni ya nini, miye nilimuficha. Na miye sikujua yee iko ku komisheni. Unauliza ni nani kwangu? Ni mutu ninataka kuoa. Muandike vile."

"Unajua nikiandika vile, bahasha yako inatoka?"

"Najua. Itoke." Akawaonyesha kwa mkono wafanyabiashara wenzake. "Lakini kila kitu nilipata kule bijijini, mumupatie yule atashinda. Na aanze na betri ya penye daraja la miti. Mvua iko karibu."

Mama Anastasie aliandika, akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na uchafu.

"Stéphane!" Kétsia alikuwa amesimama, mikono kichwani. "Mbele ya batu bote? Bila mushenga?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, maana kila mtu pale alielewa. Kwao, neno la kuoa halisemwi na mwenye kuoa. Husemwa na mshenga, mtu mzima mwenye ulimi, nyumbani kwa binti, na mwoaji anakaa nyuma ameinamisha kichwa kama mambo hayamhusu. Huyu amejisemea mwenyewe, tena mbele ya maofisa, tena imeandikwa.

"Nisamehe," alisema Stéphane. "Nimenyamaza sana. Leo nimeshindwa."

Kétsia alikuwa analia na anacheka, hakujua afute nini kwanza. "Mama akisikia kwa batu kabla ya kusikia kwangu, nimekwisha!"

"Muende basi!" alisema Mama Anastasie. "Mademoiselle, kiti yako iko palepale. Kesho tunaendelea."

Walipanda pikipiki, Kétsia nyuma, kitenge kimekusanywa magotini, mikono yake kiunoni mwa Stéphane kwa nguvu kuliko barabara ilivyohitaji. "Ongeza mwendo," alisema. Kisha, karibu na sikio: "Umepoteza kazi yako, mupenzi."

"Iko inaniuma. Sikudanganye."

"Na miye inaniuma." Akaweka shavu mgongoni mwake, akaliacha hapo hadi Lushebere.

Walichelewa; habari ilikuwa imeshawatangulia. Mama Drocella, mama yake Kétsia, alikuwa ameshavaa kitenge chake cha Pasaka, uwanja umefagiliwa, na majirani wawili waliokuwa wamekuja kuazima moto hawakuonekana kuwa na haraka ya kuondoka nao. Alimkumbatia binti yake. Alipofika kwa Stéphane, macho yake yalipita juu ya bega lake kama hakuna mtu.

"Shikamoo, mama," alisema Stéphane.

"Kétsia," alisema mama, "nimesikia kama upepo. Miye hapa sioni mutu. Mutu mwenye hana mushenga hajafika kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Lakini kama iko mutu huko njiani, umupe maharagwe, asirudi na njaa. Na umuambie, Siku ya Mungu kisha misa niko nyumbani. Balete mutu mwenye anajua kusema. Si kama ule wa leo."

Stéphane alikula maharagwe yale amesimama nje ya ua, sahani mkononi, haonekani, na hakuwahi kula chakula kitamu hivyo. Alipomaliza alipanda juu kidogo penye mtandao, akampigia dada yake.

"Bahasha?" aliuliza Mbambu.

"Imetoka."

Aliisikia pumzi yake ndefu, miezi yote ile ya meza na kalamu ikishuka ndani yake.

"Na Kétsia?"

"Iko hapa. Mama yake amekataa kuniona, dada. Amenipa chakula, lakini amekataa kabisa kuniona."

"Amekataa, na amekupa chakula?" Sauti ya Mbambu ikachangamka. Nyuma ya sauti hiyo Stéphane alisikia chuma kinaburutwa, kisha kishindo cha milango, na mteja fulani akilalamika kwamba alikuja tu kuchukua redio. "Urudi kesho, papa! Nafunga. Naenda kutafuta mushenga na mbuzi."