Chumba cha Mama, Upande wa Kivuli

Asubuhi yote Mshonaji alikuwa akishona mapazia ya dada yake. Yalikuwa mapazia mazito, ya chumba kipya cha vioo.

"Chumba cha vioo, eti," alinung'unika huku akikanyaga cherehani. "Na mama yangu kamweka humo kama pambo."

Alikuwa na wivu. Dada yake ndiye mkubwa. Ndiye mwenye nyumba mpya. Sasa ndiye anayekaa na mama yao. Mshonaji naye alimtaka mama, tena sana. Lakini nyumba yake ilikuwa ya zamani, ya matofali manene, na watoto walijaa vyumba vyote.

Jioni alimwambia mumewe, "Tunaongeza chumba. Cha vioo. Na kiwe kikubwa kuliko cha dada."

Mumewe, dereva wa lori, alicheka. "Unamjengea mama au unamjengea dada?"

"Usinichokoze!"

Kesho yake walimwita jirani yao, mama mmoja mchora ramani za nyumba. Mshonaji alimpeleka mbele ya nyumba.

"Nataka ukuta wote wa huku uwe kioo," alisema.

"Kwa nini huku?"

"Ndiyo barabarani. Dada akipita, aone."

Jirani alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akauliza, "Jua la alasiri hupiga upande gani?"

"Huku huku. Linatuchoma kweli."

"Basi sikiliza, jirani yangu. Kioo kinapitisha joto ndani, halafu joto halitoki kwa urahisi. Utawasha feni mchana kutwa, utalipa umeme, na mama bado atatoka jasho."

"Mbona kwa dada..." Mshonaji alianza kusema. Alikumbuka yale mapazia mazito. Alikumbuka pia kwamba mama siku hizi hulala mchana sebuleni kwa dada. Yeye alidhani mama anapenda televisheni. Kumbe chumba kilikuwa kinamchoma!

Alifurahi. Aliona aibu kidogo kwa kufurahi, lakini furaha ndiyo iliyozidi.

"Haya, niambie tufanyeje," alisema.

Jirani aligonga ukuta wa zamani kwa kiganja. "Huu msiubomoe. Matofali manene huchelewa kupata moto. Chumba cha mama kiwe nyuma, na ukuta wa nyuma, mnene kama huu, uwe ubavu wake. Tuweke madirisha mawili yanayotazamana. Upepo uingie huku, utokee kule. Juu, karibu na dari, tuache matundu yenye wavu wa mbu. Hewa ya moto hupanda, itatokea hapo."

"Na paa?" mume aliuliza.

"Lichomoze nje, likinge jua na mvua. Weka mfereji, maji yaingie kwenye tangi. Utamwagilia mboga."

"Stoo kuna mlango wa zamani," mume aliongeza.

"Mbao ngumu hiyo! Upigeni randa, utumike. Na kizingiti kiwe chini, mama asijikwae. Lakini msianze kuchimba kabla ramani haijapitishwa na ofisi ya ujenzi."

Mshonaji aliitazama ramani. "Mbona kadogo?"

"Kanamtosha mtu wa kulala," jirani alimjibu.

Ramani ilipitishwa, chumba kikajengwa. Mama alikuja kutembea. Baada ya chakula cha mchana alijinyoosha kitandani, akalala mpaka jioni.

"Sijalala hivi muda mrefu," alisema alipoamka. Hakurudi kwa dada. Mshonaji aliimba wiki nzima.

Jumapili moja dada alikuja, mdomo kaubetua.

"Kadogo haka," alisema. "Tena hakana hata kioo cha maana." Aliketi kitandani kwa mama. Upepo ulipita kutoka dirisha moja hadi jingine. Dada alimtazama mama. Kisha machozi yakamtoka.

"Mama, kumbe ulikimbia joto? Mimi nilidhani unampenda yeye zaidi."

"Ulikijivunia sana kile chumba, mwanangu. Ningekuambiaje?"

Mshonaji alishangaa. Kumbe dada naye alikuwa na wivu! Dada alimgeukia. "Mdogo wangu, chumba changu kinatengenezeka?"

Kusema "sijui" kulikuwa rahisi. Mama angebaki hapa moja kwa moja. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mshonaji alimtazama mama. Mama alikuwa akikunja shuka.

"Kinatengenezeka," Mshonaji alisema kwa shida. "Weka kivuli nje ya kioo. Pazia la ndani limechelewa, joto limeshaingia. Toboa na matundu juu. Nitakuitia jirani yangu aje akuchoree."

Dada alimkumbatia. Mshonaji alikumbatiwa, lakini moyo ulimuuma.

Kazi ilifanyika, na chumba cha dada kikapoa. Sasa mama hukaa kwa mmoja, akichoka huenda kwa mwingine. Siku anayoondoka, Mshonaji hununa, na mumewe humtania bila huruma. Ikifika mchana, humpigia dada simu.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala," dada hujibu kwa sauti ya chini. "Chumbani kwake."

Basi Mshonaji naye hushusha sauti, asimwamshe.