Sinema ya Malori

Tunduma siku ya soko haimwonei huruma mwenye haraka. Malori yamepanga foleni hadi jicho linachoka, wabadilisha fedha wanaita, akina mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanapita na vitenge mabegani, na vumbi halimchagui mwenye suti. Wakili Jenista alikuwa na suti nyeusi, viatu vya kisigino kifupi na kompyuta iliyokuwa inakaribia kuzima. Aliingia kibanda cha kuchajia simu, akainyakua soketi ya mwisho wakati mkono wa kijana mmoja nao unaifikia.

"Chukua wewe, dada. Simu yangu ikizima, mimi sizimi," alisema kijana. Shati lake la bluu lilikuwa limenyooshwa vizuri, na tabasamu lake lilikuwa zuri kuliko shati.

"Asante, kaka. Hii ikizima kuna mtu ataozea gerezani."

Kijana akachungulia kioo cha kompyuta. Aliona uwanja wa malori, na malori yenyewe yamesimama tu.

"Mh! Sinema hii stelingi wake nani? Tairi?"

Jenista alicheka, halafu akakigeuza kioo upande wake. "Huo ni ushahidi. Usiutazame."

Kijana aliitwa Danford, mhasibu wa ofisi ya mahakama, Vwawa. Jenista, binti wa wakulima wa Itumba, alikuwa amepangiwa kumtetea Edson, mbeba mizigo aliyeshtakiwa kumuua mlinzi wa uwanja ule. Edson hakuwa na hela ya wakili, kwa hiyo wa kumlipa Jenista ilikuwa serikali, kupitia ofisi hiyo hiyo ya mahakama. Upande wa mashtaka ulimkabidhi picha za kamera za wiki nzima, zenye saa zisizoaminika, naye akaapa kuzitazama zote.

Simu zikaanza.

"Malori hayajambo, mpenzi?"

"Hayajambo, yanakusalimu. Yanauliza utakuja lini na mihogo."

"Yaambie nakuja. Nimemkumbuka dereva wao."

Mapenzi yalikolea hivyo hivyo, kwa mihogo ya kukaanga na utani, mpaka siku Jenista alipopiga simu akilia. Alikuwa amemwona Edson! Wakati mlinzi anauawa getini, Edson alikuwa mwisho kabisa wa uwanja, gunia begani, akichechemea mguu wake wa kushoto kama kawaida yake. Jenista alizipeleka picha kwa Wakili wa Serikali, na shtaka likaondolewa kabla shahidi hata mmoja hajasimama. Edson alitoka gerezani, mama yake akamkumbatia Jenista hadi suti ikakunjamana.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ofisi ya kina Danford ilizoea kumlipa wakili kwa siku alizosimama mahakamani, na kesi hii haikuwahi kusikilizwa. Dai la Jenista la kazi ya kupitia ushahidi likarudishwa. Kodi ya chumba chake cha ofisi ilikuwa imechelewa, na kampuni moja ya mizigo ng'ambo ya mpaka ilikuwa inamwita akaandike mikataba. Dai likikwama, angeacha kutetea watu.

Alipokwenda kuuliza, Felista, karani wa mapokezi, alimwonea huruma. "Danford mwenyewe alilikataa faili lako, dada. Alisema hataligusa."

Jenista alipiga simu palepale.

"Danford, ulikataa faili langu?"

"Nilikataa, Jeni. Lakini sababu yake siwezi kukwambia kwenye simu. Namsubiri baba mdogo avuke kutoka Nakonde."

"Baba mdogo wako anahusikaje na kazi yangu?"

"Nivumilie kidogo, mama."

"Mvumilivu hula mbivu, mimi nimeshiba mbichi. Usinipigie."

Moyo ulimuuma vibaya, lakini Jenista hakuwa mtu wa kulilia mlangoni. Aliomba kuonana na Msajili wa mahakama, Mama Rozi, akaingia na kompyuta yake.

"Mheshimiwa, sikuja kulalamika. Naomba tutazame pamoja."

Msajili alitazama malori. Akanywa chai, akatazama malori. Akapiga miayo, akavua miwani, akaifuta, malori bado yamesimama.

"Wakili, hii inaisha lini?"

"Hiyo ni asubuhi ya siku ya kwanza, Mheshimiwa. Edson anaonekana siku ya sita. Ningechoka siku ya tano, leo angekuwa ndani. Kesi haikusikilizwa kwa sababu niliifanya kazi yangu. Nisilipwe kwa kuwa niliifanya vizuri?"

Mama Rozi akaifunika ile kompyuta kwa mkono wake mwenyewe. "Kazi nimeiona. Nalipitisha dai lako. Na ungesubiri sana kama ungemtegemea Danford, maana huyo alishasimama kikaoni mbele yetu sote, akasema hawezi kuhesabu malipo ya mchumba wake."

"Mchumba wake nani, Mheshimiwa?"

"Wewe! Kwani hujui?"

Danford alikuwa nje, amesimama kando ya pikipiki za watumishi, shati lile lile la bluu.

"Ofisi nzima inajua naolewa," Jenista alimfokea, "mimi tu ndiye sina taarifa!"

"Ningesaini mimi, wangesema umelipwa kwa mapenzi. Nilitaka ulipwe kwa kazi."

"Na mdomo wa kuniambia ulikuwa wapi?"

"Kwetu mwoaji hamtangulii mshenga, Jeni. Mshenga wangu ni baba mdogo, naye yuko shambani anavuna. Kikaoni nilibanwa, ikanitoka."

Jenista alitaka kuendelea kukasirika, akashindwa. Alimpenda mtu huyu, na sasa alijua kwamba alikaa kimya kulinda jina lake.

"Dai lako la uchumba nalirudisha," alisema kwa sauti ya kiofisi. "Umelipeleka kwa Msajili, na sisi watu wa Itumba tunapokea madai nyumbani kwa wazazi."

"Sawa, wakili. Na idhini ya mwombwaji?"

"Hiyo ipo."

Felista akatokea mlangoni amebeba bahasha nene. "Wakili Jenista! Umepangiwa kesi nyingine. Wanasema picha za kamera ni za mwezi mzima."

Jenista aliipokea, akaikumbatia kifuani. Kampuni ya mizigo itatafuta mtu mwingine. Danford alikuwa ameshaweka simu sikioni.

"Baba mdogo, shikamoo. Mahindi yatakusubiri. Vuka leo."