Lango Lina Rangi Gani?

Asubuhi bula yetu, yaani mtaa wetu wa Garissa, hunukia moshi na maziwa. Wanawake hufukiza mitungi kwa moshi wa kuni ili maziwa ya ngamia yasiharibike upesi. Kisha huibeba hadi sokoni kabla jua halijawa kali. Jirani yangu Osob huamka wa kwanza, na yeye akiamka, sote tumeamka.

"Ruweyda! Mtungi mdogo uko wapi? Wallahi, msichana huyu anajua hesabu zote za dunia lakini mtungi hajui ulipo!"

"Hooyo, umeushika mkononi."

"Kwani nimesema umepotea?"

Hooyo ni mama kwa lugha yetu. Mimi naitwa Nurto, mwalimu wa shule ya msingi. Ua wangu na wa Osob umetenganishwa na miti mikavu tu. Ukimsikia akiongea utadhani anagombana na mtu. Nampenda mama huyo. Hana unafiki hata chembe.

Mwaka huo, 1996, binti yake Ruweyda alipata barua. Ameitwa chuo kikuu Nairobi, akasomee udaktari wa mifugo. Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Osob naye alinikumbatia, akacheka, akalia. Halafu akanyamaza. Osob akinyamaza ujue kuna jambo.

"Nurto," akasema, "Nairobi kuna ngamia?"

"Hakuna."

"Basi watamfundisha vipi ngamia mahali pasipo na ngamia?"

Niliangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Maswali yakamwagika. Atalala wapi? Na nani? Wavulana nao wanalala wapi? Atakula nyama iliyochinjwa na nani? Ataswali wapi?

Nilimjibu nilivyoweza. Mimi nilisomea chuo cha walimu, lakini nilipofundisha Eldas nilikuwa na mwanafunzi wa kike aitwaye Weris. Naye sasa alikuwa katika chuo hichohicho, na nilikuwa nimewahi kumtembelea. Osob alinisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Mwalimu akisifu shule ni kama mimi nikisifu maziwa yangu," akasema. "Tumngoje baba yake."

Baba yake Ruweyda, Korane, hufuga ngamia upande wa Habaswein. Alishuka Garissa kwa lori la mifugo, vumbi mpaka kwenye kope. Akasomewa barua mara mbili. Ilisema Ruweyda afike chuoni mwezi wa kumi. Asipofika, na asipoandika kueleza sababu, nafasi yake angepewa mwingine.

"Hatuhami bila sahan," Korane akasema.

Sahan ni desturi yetu sisi wafugaji. Kabla ya kuhamisha mifugo, mtu mmoja hutumwa mbele akatazame maji na malisho. Neno lake ndilo linaloamua. Akisema kubaya, watu hawaendi. Korane alimtuma Yarow, kaka yake Osob. Yarow ni mtu mzuri, mcheshi, mpenda chai kupita kiasi.

Yarow alikwenda Nairobi, akarudi. Tulikusanyika uani kwa Osob kumsikiliza.

"Jamani, kubaya," akasema. "Wavulana na wasichana wanalala nyumba moja. Nyama ni ya nguruwe. Mahali pa kuswali hakuna. Halafu wanafunzi kila siku wanarushiana mawe na polisi."

"Astaghfirullah!" akasema Osob.

Korane aliinamisha kichwa. Kisha akamtazama binti yake. "Aabo," akamwita, maana kwetu baba na mtoto huitana jina moja, "sahan amesema. Hutakwenda."

Ruweyda aliinuka akaenda kusugua mitungi. Mitungi yenyewe ilikuwa safi. Aliisugua tu, na mabega yakawa yanatikisika. Roho iliniuma. Mtoto huyu alikuwa amesoma kwa koroboi miaka yote hiyo, na sasa ndoto yake inazimwa hivihivi tunaona! Sikuweza kuvumilia.

"Yarow, ndugu yangu," nikasema, "lango la chuo lina rangi gani?"

"Lango?"

"Ndiyo. Lango uliloingilia."

Yarow alikohoa. Akarekebisha kikoi chake. "Rangi... rangi ya kawaida."

"Kawaida ndiyo rangi gani?"

"Mwalimu, mimi nilikwenda kutazama lango?"

Korane aliinua kichwa polepole. "Yarow. Ulifika?"

Mwenyewe akasema ukweli, maana uongo haumwendei vizuri. Alifikia Eastleigh kwa jamaa. Akaketi mkahawani. Akawauliza wanaume waliokuwa wakinywa chai, na kila mmoja alikuwa na habari. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia chuoni.

"Ala!" Korane akafoka. "Ngamia wangu ungewahamisha kwa maneno ya mkahawani? Sahan husema 'nimesikia mvua imenyesha'? Sahan huchimba udongo kwa mkono wake! Huyanywa maji mwenyewe!"

"Kwa ngamia ningefika," Yarow akasema kwa sauti ndogo. "Hapa nilidhani kuuliza kunatosha."

"Kuuliza si ujinga," nikamwambia. "Lakini muulize anayejua. Habari za nafasi ziko ofisi ya usajili. Habari za malazi anazo msimamizi wa hosteli. Na habari za maisha anazo mwanafunzi mwenyewe. Kama unamuulizia msichana, basi muulize msichana."

Korane hangeweza kwenda. Ngamia walikuwa wanangoja kunyweshwa. Akauliza nani aende sasa.

"Nitakwenda mimi," Osob akasema.

"Sahan mwanamke?"

"Maziwa ya ngamia wako yanauzwa na nani, Korane? Wateja wote wa soko lile, nimewahi kudanganywa na nani?"

Korane alimtazama mkewe. Halafu tabasamu likamtoka, kwanza upande mmoja wa mdomo, kisha wote. "Wallahi, hakuna," akasema. "Nenda."

Kabla ya safari nilimwambia Ruweyda atafute kitambulisho chake mapema. Kwetu huweza kuchukua muda kupatikana, na bila hicho mambo mengi hukwama, safari na usajili pia. Cheti cha mtihani tukakifunga kwenye mfuko wa nailoni. Tulingoja kitambulisho mpaka mwezi wa nane, shule zilipofungwa, ndipo tukapanda basi watu watatu: Osob, Ruweyda na mimi. Kwenye kizuizi cha polisi baada ya daraja la Tana, Ruweyda alikitoa kitambulisho chake kipya kwa fahari, utadhani ni cheti cha udaktari.

Tulipofika langoni mwa chuo, Osob alisimama. Akalitazama lango juu mpaka chini.

"Nurto," akasema, "mtu asimwambie Yarow rangi ya lango hili. Akaione mwenyewe."

Tulianza na ofisi ya usajili. Karani alimweleza Ruweyda aje siku ya usajili na barua, cheti chenyewe na si nakala tu, kitambulisho, picha ndogo na fomu ya daktari. Akamwonyesha pia mahali pa kuomba basari, yaani msaada wa karo. "Ukiwa na tatizo la kuchelewa, tuandikie mapema," akasema. "Usikae kimya. Mtu akikaa kimya sisi hatujui kama anakuja."

Kisha tukaenda hosteli. Msimamizi wake alikuwa mama mnene mchangamfu, Mama Mutheu. Osob akamkabili kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama, hii nyumba ni ya wasichana peke yake?"

"Peke yao. Wavulana wana yao ng'ambo ile."

"Mwanaume nakuja hapa?"

"Mgeni wa kiume hukaa pale sebuleni, na ana saa yake ya kuondoka. Hata akiwa ndugu."

"Mlango nafungwa?"

"Nafunga mimi mwenyewe, mama. Na mimi sina mchezo."

Osob alimpima kwa macho. Nadhani waliona kitu kimoja, kila mmoja kwa mwenzake. Halafu Osob akaenda kwenye bomba, akalifungua, akakinga maji kwa kiganja, akayanywa. Wasichana waliokuwa wakifua wakaacha kufua, wakatazama.

"Hooyo!" Ruweyda akanong'ona. Aibu ilimjaa usoni.

"Nyamaza. Mimi ni sahan," Osob akasema. Akaingia chumba kimoja, akaketi kitandani, akajaribu dirisha, akanusa godoro. "Maji matamu. Godoro hapana."

Mama Mutheu alicheka mpaka akashika ukuta. "Godoro tutalianika juani," akasema.

Weris, yule mwanafunzi wangu wa Eldas, alitupokea baada ya hapo. Alituonyesha chumba ambamo wanafunzi Waislamu huswali, wasichana wakiwa na sehemu yao. Akatupeleka kula. Osob aliuliza nyama imechinjwa na nani kabla hajaketi.

"Muislamu, eeddo," Weris akajibu kwa heshima; eeddo kwetu ni shangazi. "Wanafunzi waliotutangulia walizungumza na watu wa jikoni. Na ukiwa na shaka, kuna maharagwe."

"Na wewe unaishi vipi hapa? Niambie kweli, usinipambie."

Weris aliweka kijiko chini. "Mwezi wa kwanza nililia. Baridi, na hakuna anayenijua. Mara nyingine kuna mgomo, chuo kinafungwa, tunarudishwa nyumbani. Siku hiyo usiende kutazama, unafunga begi unaondoka. Lakini ninaye Akinyi, tunaishi chumba kimoja. Yeye ni Mkristo. Mimi usingizi wangu ni mzito. Kila alfajiri ananitikisa, 'Weris, amka, swala yako itakupita!'"

Osob aliacha kutafuna. Machozi yakamlenga. "Mtoto wa watu anamwamsha mwenziwe akaswali?"

"Kila siku, eeddo."

Osob alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Mungu ambariki mama aliyemzaa," akasema. Akamalizia maharagwe yake yote.

Korane alikuja tena Garissa kupokea habari. Alimwuliza mkewe kama anavyoulizwa sahan yeyote, bila mzaha.

"Maji?"

"Nimeyanywa."

"Malisho?"

"Nimeyala. Chumvi kidogo."

"Majirani?"

Osob alimweleza habari ya Akinyi. Korane alisema "Maasha Allah" mara nyingi.

"Hatari?"

"Ipo. Baridi ipo, migomo ipo, upweke upo. Ila mlinzi wa mlango nimemwona. Huyo mama, Korane, hata wewe hungempita."

Korane alicheka. "Sahan anayesema hakuna hatari ni mwongo," akasema. "Huyu amesema kweli." Akamgeukia Ruweyda, na sauti ikamlainika. "Aabo, hama. Nenda ukasome. Ngamia wangu wakiugua nitamwita daktari wangu mwenyewe."

Ruweyda alimkumbatia baba yake mbele yetu sote, jambo ambalo si kawaida kwetu. Korane alisimama kama mti, hajui aweke wapi mikono. Mwishowe aliiweka kichwani mwa bintiye, akamwombea dua.

Mwezi wa kumi ulipofika, nani ampeleke? Yarow alijitokeza. Aliomba kabisa. "Abti yangu nitamfikisha mimi," akasema. Abti ni mjomba, na mjomba naye humwita hivyo mpwa wake. "Nina deni kwake." Osob alimkazia macho, kisha akampa begi alibebe.

Aliporudi hakupitia kwa dada yake kwanza. Alikuja mlangoni kwangu na vumbi lake la safari. Hakunipa hata salamu.

"Mwalimu, lango ni la kijani."

"Ulifika kweli?"

"Nilifika. Nilikunywa na maji. Yule mama wa hosteli alinifukuza saa ilipofika." Alitabasamu, lakini macho yalikuwa mekundu. "Nilipoondoka, abti alinipungia mkono mpaka nikapotea. Mwalimu, mtoto yule nilikaribia kumnyima dunia kwa kikombe cha chai."

Nikamkaribisha ndani. Nilimpa maji, si chai.

Ruweyda anasoma vizuri. Likizo akija, wafugaji humletea maswali ya ngamia mpaka uani, na Osob hujifanya amechoshwa nao, kumbe anawapikia chai wote. Mwaka jana Iftin, binti wa Fatumo anayeuza sukari, naye alipata barua ya kuitwa. Siku hiyo nilikuwa dukani kwa mama yake, kando ya mkahawa. Nikawasikia wanaume ndani.

"Huko ni nguruwe tu," mmoja akasema. "Na wanalala pamoja. Mimi nimesikia."

Kikombe kikawekwa mezani kwa kishindo. Kisha nikaisikia sauti ya Yarow, taratibu kabisa.

"Ndugu yangu, lango lina rangi gani?"

Fatumo aliacha kupima sukari, akanitazama. "Mwalimu," akaniuliza, "Ruweyda anakuja lini likizo? Mwanangu ana maswali."