Kipandio cha Tatu

Alikuwa amekaa juu ya friji. Ndiyo, juu ya friji, katikati ya msongamano wa kituo cha treni, fundi mzima na ovaroli lake la kijivu, anasubiri mkokoteni kana kwamba yuko sebuleni kwake. Msichana mwenye kizibao cha bluu alimfuata kwa sababu watu wengine wote walikuwa wakimkwepa, na huyu hakuwa na pa kukimbilia.

"Samahani, kaka. Tunafanya utafiti wa hali ya maisha. Tunalinganisha nchi na nchi, wapi watu wana raha, wapi wako hoi, na kifanyike nini."

"Uliza, dada. Friji haina haraka."

"Fikiria ngazi ya vipandio kumi. Juu kabisa ni maisha bora kuliko yote kwako, chini kabisa ni mabaya. Wewe uko cha ngapi?"

"Kabla hujafika nilikuwa cha tano. Sasa andika nane."

"Sema kweli, kaka."

"Kweli tupu, Bi Maswali."

Akacheka, akaandika nane. Mwisho akachukua namba yake ya simu, maana watu wale wale wangepigiwa tena mwaka unaofuata. Jioni akaipiga yeye mwenyewe, na utafiti haukuhusika.

Wakapendana, tena hadharani. Fundi alimpigia kila mchana. "Umekula, laazizi?" "Nimekula." "Unanidanganya, nakusikia ulivyo mchovu." Nguo za Bi Maswali zikaanza kunuka mafuta ya mashine, na mama yake akajua kabla hajaambiwa.

Mwaka ulipozunguka, Bi Maswali alikuwa amepanda cheo. Sasa alisikiliza rekodi za simu za wenzake kuhakikisha wanauliza sawasawa. Alikuwa amekula kiapo: jibu la mtu halitoki nje ya chumba kile. Na ukisikia sauti ya mtu unayemfahamu, unavua hedifoni, unampa mwenzako.

Aliposikia sauti ya Fundi hakuvua. Alitabasamu, mjinga wa mapenzi, akaongeza sauti ili asikie tisa yake, pengine kumi.

"Tatu," alisema Fundi. "Andika tatu, dada."

Moyo ulimpasuka. Kwa hiyo zile laazizi zote zilikuwa za kumridhisha, kama ile nane ya kituoni. Kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu humwambia muulizaji anachotaka kusikia. Sasa, kwa mgeni asiyehitaji kumridhisha, Fundi alisema ukweli.

"Una raha na mimi?" alimuuliza jioni.

"Sana. Kwani vipi?"

"Basi tu."

Akawa baridi. Simu za mchana akaziacha ziite. Fundi alikuja mlangoni amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, akasema anataka kumuoa, na Bi Maswali akamwambia asijisumbue. Wiki chache kabla ya rekodi ile, makao makuu yalikuwa yamempa kazi nchi nyingine. Alikuwa amemwambia dada yake tu habari hiyo, na mwenyewe alikusudia kuikataa kwa ajili ya Fundi. Sasa akaikubali.

Huko ugenini alifundisha wengine kuuliza maswali yale yale. Miaka miwili baadaye uvumilivu ulimwishia, akampigia.

"Bi Maswali," alisema Fundi taratibu. "Bado huli mchana?"

"Fundi, nilikukosea nini hata ukakosa raha?"

"Mimi? Kukosa raha nawe?" Akavuta pumzi. "Dada yako aliponidokeza kwamba umeitwa ng'ambo, usingizi ulinikimbia. Wewe hukusema neno, nikajua unatafuta namna ya kuniaga. Hata wenzako waliponipigia, niliwaambia niko cha tatu. Nilikuwa nakupoteza, ningesema nini?"

Bi Maswali alikaa kitandani.

"Nilikuwa nimeamua kutokwenda," alisema. "Nilisikia hiyo tatu, Fundi. Nikadhani ni mimi."

"Ulisikia? Na hukuniuliza?"

"Nilikatazwa kuuliza."

"Wewe," alisema Fundi. "Wewe unayeuliza dunia nzima."

Nyuma yake mwanamke alimuuliza anaongea na nani. Fundi alijibu, bila kuficha, kwamba ni mwanamke ambaye yeye, Fundi, alitaka kumuoa zamani. Halafu akarudi kwenye simu.

"Huyo ni mke wangu. Ni mtu mwema. Usinipigie tena, tafadhali, nitamuumiza."

"Sawa," alisema Bi Maswali, na alipokata simu alilia mpaka jirani akaja kugonga mlango.