Kuku Kafunga Mdomo, Gati Bado Anasema

"Rudia," alisema Twalib. "Na mara hii usiseme kama kuku."

Gati aliutoa mdomo kwenye kipaza sauti akacheka.

"Wewe Twalib! Umeniita hapa niwe kuku. Nimekuwa kuku, sasa unasema nisiwe kuku?"

"Kuku huyu ni msichana wa watu. Ana hasira zake. Tumia sauti yako mwenyewe, ile uliyozaliwa nayo."

Walikuwa kwenye chumba cha uani kule Kigera, Musoma, kuta zote zimetundikwa mablanketi, dirisha limezibwa kwa godoro, joto humo ungeweza kukaushia dagaa. Twalib alikuwa fundi wa sauti wa gari la sinema, lile lililokuwa likizunguka vijiji vya ujamaa kufundisha watu kupanda pamba kwa mistari na kuchemsha maji ya kunywa. Filamu nyingine zilikuja bubu kabisa. Gati, binti wa Mama Esta muuza dagaa wa Mwigobero, ndiye aliyezipa midomo. Alikuwa mbu, alikuwa bibi kizee, alikuwa mtoto mwenye minyoo. Watoto wakimwona sokoni walimkimbilia, "Dada Gati, tufanyie mbu!" naye anawafanyia mpaka wanajikuna.

Sasa ilikuwa zamu ya katuni, michoro inayotembea. Kuku na kicheche. Picha zilikuwa bado hazijafika kutoka Dar es Salaam, karatasi ya maneno ndiyo iliyotangulia.

"Kuku anamwambia nani haya?" Gati aliuliza.

"Kicheche. Anamjia mlangoni na maneno matamu, anataka mayai. Haya, sema."

Gati akavuta pumzi, akasema kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, ya kuumiza:

"Usije tena kwetu. Nilikuwaga nacheka na wewe kwa huruma tu. Mimi nimeshapata mwenyewe wa kunilinda. Rudi ulikotoka. Hata ukija na wajomba zako wote, mlichobeba mtarudi nacho."

Akageuka. "Kicheche naye ana wajomba?"

"Wewe sema tu."

"Haya bwana. Kila mtu na wajomba zake. Hata mimi Jumamosi naletewa wa kwangu." Akajifunika uso kwa kitenge kwa haya. "Mchumba wangu Luhende anakuja na wajomba zake kutoka Bunda. Ng'ombe wameshapatikana."

Twalib alikuwa ameinama kwenye tepu. Hakuinua kichwa.

"Hongera," alisema. "Rudia mara moja tena. Kwa ukali."

Jumamosi ilifika. Mama Esta alipika sato wa nazi, akaazima viti kwa majirani, akafagia ua mpaka mchanga ukabaki na michirizi. Gati alivaa gauni la maua. Watu wa Bunda hawakuonekana. Jua lilipokuwa linazama ziwani, Mama Esta alianza kurudisha viti kimoja kimoja.

Basi la kwanza la Jumapili lilimkuta Gati stendi. Kule Bunda, nyumbani kwa akina Luhende, aliyetoka mlangoni ni Penina, dada mkubwa wa Luhende, mikono kiunoni.

"Shikamoo dada."

"Sina marahaba yako. Umefuata nini?"

"Nimemfuata Luhende. Amepatwa na nini? Anaumwa?"

"Luhende ameondoka. Mjini kwenu hatafika tena. Maneno yako tumeyasikia."

"Maneno gani, dada? Nimesema lini? Nimemwambia nani?"

"Usituigizie hapa!" Penina alicheka kicheko kikavu. "Mwanamke una sauti kumi na mbili tumboni. Sasa hii unayolia nayo ni ya nani? Ya mbu?"

Mlango ukafungwa. Gati alibaki amesimama pale na mfuko wa samaki aliomletea mama mkwe. Ule ulimi uliomlisha yeye na mama yake, leo ndio uliomfanya asiaminike hata akilia.

Akarudi Musoma. Akanyamaza. Na kwenye kunyamaza kwake, aliyekuwepo ni Twalib. Twalib alileta sukari ilipoadimika madukani. Twalib alimpeleka Mama Esta hospitali alipovimba mguu. Luhende alipotajwa, Twalib alitikisa kichwa tu.

"Wanaume wengine wanaogopaga mke anayesikika," alimwambia siku moja. "Mimi siogopi. Mimi sauti yako ndiyo ugonjwa wangu."

Mvua zikanyesha, pamba ikavunwa. Gati akakubali. Wakapanga ndoa ya bomani, siku ya Jumatatu, kwa sababu yeye alikuwa Mkristo na Twalib Mwislamu, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamechoka kubishana.

Siku chache kabla ya ndoa, picha za kuku na kicheche zikafika.

"Sehemu yako ya kuku nimempa Mwanaupe airudie," Twalib alimwambia. "Wakubwa wanataka sauti ya mtu mzima."

"Mwanaupe? Yule anayesema kama anatafuna muhogo?"

"Amri ya wakubwa, mpenzi."

Gati aliumia kidogo, akaacha. Ijumaa gari la sinema lilikuwa linakwenda Butiama. Dereva, Mzee Rashidi, alimwona Gati barabarani na gunia la dagaa, anakwenda kumwalika shangazi yake harusini, akampakia mbele. Twalib alipokuja na kumkuta ameketi, uso ulimbadilika.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Butiama kwa shangazi. Na kuku wenu nikamwone. Vibaya?"

"Utachoka bure."

"Nitachokea wapi, na gari nimekalia?"

Mzee Rashidi akacheka, akatia gia.

Kule Butiama uwanja ulijaa. Wachunga ng'ombe na fimbo zao, akina mama na watoto mgongoni, mwenyekiti wa kijiji kwenye kiti chake mbele kabisa. Shuka jeupe likatundikwa, jenereta ikanguruma. Kicheche akatokea kwenye shuka, anatembea kwa madaha kama karani aliyepata mshahara. Watu wakapiga vigelegele. Mara tepu ikatoa sauti ya paka aliyekanyagwa, ikatafuna mkanda, kimya.

"Sauti! Sauti!" watu wakapiga kelele.

Twalib alivuta mkanda, ukatoka vipande vipande. Mzee Rashidi akasimamisha picha.

"Si tunaye Gati?" alisema. "Gati, mwanangu, njoo uokoe jahazi."

"Hapana!" Twalib aliruka. "Hajajiandaa. Tuwaonyeshe ya pamba."

"Ya pamba tumeiona mpaka tunaiota!" mwenyekiti alipaza sauti. "Ndugu, tupeni kuku!"

Gati alikuwa ameshashika kipaza sauti. Twalib akamshika mkono, akamnong'oneza kwa haraka:

"Basi fanya kicheche. Kuku niachie mimi."

"Wewe? Kuku mwenye kikohozi?" Gati akacheka. "Niache, maneno yote ninayo kichwani."

Picha ikatembea. Kicheche akabisha hodi, Gati akamfanya laini kama samli. Kuku akatoa kichwa dirishani. Gati, sijui kwa nini, labda kwa kumkomoa Mwanaupe, akatumia sauti yake mwenyewe, vilevile kama siku ile Kigera.

"Usije tena kwetu. Nilikuwaga nacheka na wewe kwa huruma tu. Mimi nimeshapata mwenyewe wa kunilinda. Rudi ulikotoka."

Kwenye shuka, kuku akafunga mdomo. Akafunga na dirisha. Gati bado anasema:

"Hata ukija na wajomba zako wote, mlichobeba mtarudi nacho."

Watu wakacheka, kuku kafunga mdomo na maneno yanatoka. Gati hakucheka. Kazi hii aliijua. Maneno hupimwa kwa mdomo wa mchoro. Mdomo ukifunga, maneno yamekwisha. Yale ya wajomba hayakuwa ya kuku. Yalikuwa ya nani?

Mwanamke mmoja katikati ya watu akasimama wima.

"Ndiyo hayo! Luhende, si ndiyo hayo hayo? Neno kwa neno!"

Alikuwa Penina. Na pembeni yake, akiinuka polepole kama mtu aliyepigwa kichwani, Luhende.

"Simamisha, Mzee Rashidi," Gati alisema.

Picha ikaganda, dirisha la kuku limefungwa. Luhende akapita katikati ya watu mpaka kwenye gari. Hakumtazama Gati. Alimtazama Twalib.

"Wewe ndiye uliyekuja Bunda na mashine," alisema. "Ulisema Gati amekutuma, ameona aibu kuniambia usoni. Ukatuapisha tusimtajie mtu habari za tepu, eti ni mali ya serikali, utafungwa. Kumbe ulituletea maneno ya kuku?"

"Tusiongee hapa," Twalib alisema.

"Tuongee hapa hapa," Gati alisema. "Wajomba uliwaweka wewe?"

Twalib akaanza kukunja vipande vya mkanda.

"Twalib. Wale wajomba wa kicheche, uliwaandika wewe?"

"Nilifanya kwa kupenda, Gati," Twalib alisema, macho chini. "Mtu akipenda hushindwa kujizuia. Je, sikukutunza? Mama yako sikumtunza?"

"Ulimtunza. Baada ya kumfanya arudishe viti vya majirani vitupu. Bomani Jumatatu nenda mwenyewe."

Twalib alinyoosha mkono, Gati akarudi nyuma hatua moja. Basi Twalib akaingia kwenye gari, akakaa mbele, akafunga mlango.

Luhende ndipo alipomgeukia.

"Gati. Nisamehe. Ilikuwa sauti yako. Ningejuaje?"

"Ungeniuliza."

"Niliumia..."

"Ungeniuliza, Luhende! Bunda na Musoma basi linakwenda kila siku. Mimi nilikuja mpaka mlangoni kwenu na samaki mkononi. Ukaamini mashine, mimi hukutaka hata kuniona ninavyosema."

Penina alikuwa amekaribia, kanga mdomoni.

"Mdogo wangu, lile la mbu... lile nililokwambia..."

"Limepita, dada."

Halikuwa limepita. Nyuma ya Penina alikuwa amesimama msichana mgeni kwa Gati, tumbo limechomoza chini ya kanga, anamtazama Luhende kwa hofu ya mtu anayeona nyumba yake inaungua. Luhende akafuata macho ya Gati, akainamisha kichwa.

"Anaitwa Nyamburi," alisema kwa shida. "Kwao ni hapa Butiama. Ni... wale ng'ombe..."

Basi Gati akaelewa ng'ombe wake walikwenda wapi. Alihisi kama mtu amemtoa utumbo akauweka pale kwenye nyasi, watu wote wanautazama. Akamsogelea yule msichana.

"Hujambo, Nyamburi."

"Sijambo, dada," msichana alijibu kwa sauti ndogo. "Utamchukua?"

"Simchukui mtu. Kaa chini, usisimame sana na tumbo hilo."

Kisha akamwambia Luhende, "Mshike mkeo mkono. Usimwache asimame peke yake mbele za watu. Inauma, mimi naijua."

Luhende akamshika Nyamburi mkono.

Mwenyekiti akakohoa.

"Ndugu Gati, pole sana. Tufunge?"

Sauti ya mtoto ikatoka mbele: "Na kuku je?"

Gati alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akaokota kipaza sauti.

"Washa, Mzee Rashidi."

Picha ikatembea. Kuku wote wa kijiji walikuwa wameamka, wamemzunguka kicheche, naye kapiga magoti anaomba. Ilikuwa zamu ya kicheche kusema. Gati hakumfanya laini tena. Alimpa sauti nyingine, ya mwanamume wa mjini, yenye kumeza mate kidogo kabla ya neno:

"Nilifanya kwa kupenda. Mtu akipenda hushindwa kujizuia. Je, sikukutunza?"

Watu waligeuka wote kwa mpigo kuangalia gari. Mtu angeapa Twalib ndiye anayesema. Kisha kicheko kikalipuka, wachunga ng'ombe wakagonga fimbo chini, na ndani ya gari Twalib akainama mpaka kichwa kikapotea kwenye kioo.

Kwenye shuka, kuku alifungua dirisha. Akafungua mdomo mara moja tu, mdomo mfupi.

Gati alingoja. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile aliyozaliwa nayo:

"Toka."

Na mara hii neno na mdomo vilifunga pamoja.