Kiplastiki cha Dirishani

"Bundi! Land Cruiser mbili, zinawakaribia!"

Redio ilikoroma na kunyamaza. Bundi alikanyaga mafuta. Subaru yake ikateremka hadi maegesho ya chini ya jengo na kufunga breki nyuma ya kigari cheupe.

Dada yake alikuwa kwenye usukani. Nyuma alijikunyata shemeji, afisa forodha, amempakata mtoto. Adhuhuri hiyo shemeji alitakiwa kupanda kizimbani kama shahidi kuwataja waingizaji wa bunduki za magendo.

Kama angefika. Kila walipobadilisha njia, Land Cruiser ziliwaibukia.

"Wanajuaje tulipo, kaka?"

Bundi alijua. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Juu ya dirisha la dereva kulikuwa na kiplastiki cheusi cha kuzuia mvua, kilichobandikwa kiwandani. Kilipiga mluzi gari likienda kasi, mtoto akashtuka usingizini. Dada alimbembeleza kaka yake akitoe mpaka akachoka.

"Kitu cha kiwandani hakiguswi," Bundi alimjibu kila mara, bila kumtazama usoni.

Nyuma ya kiplastiki hicho alikuwa ameficha kifaa cha kuonyesha gari lilipo, siku idara yake ya upelelezi ilipomshuku shemeji. Shemeji akaonekana safi kama pamba. Bundi akaona aibu kurudi kukitoa. Sasa mtu wa ndani ya idara alikuwa amewauzia wahalifu masafa ya kifaa hicho.

"Tuliache gari," shemeji alinong'ona.

"Likiendelea kusimama hapa watashuka huku. Lazima waone linatembea. Dada, drai yako ya saluni iko wapi?"

"Kwenye buti. Unakausha nini saa hizi?"

Walichomeka drai kwenye soketi ya ukutani. Bundi akachomoa bisibisi. Dada akampiga kofi mkononi.

"Utapasua kioo! Gundi hulainishwa, haichokonolewi."

Akaipitisha drai taratibu, kama juu ya kichwa cha mteja. Kisha akampa uzi wake wa kushonea nywele. Bundi akaupenyeza nyuma ya plastiki, akauvuta huku na huku kama anayekata mche wa sabuni.

Gundi ikaachia.

Nyuma ya plastiki, kitaa chekundu cha kifaa kilikuwa kikiwaka na kuzimika.

Dada alikitazama kitaa. Kisha akamtazama kaka yake.

"Ni mimi," Bundi alisema. "Nilimchunguza mumeo. Nisamehe, dada."

Dada alikunja waya wa drai.

Bundi alikibandika kiplastiki, pamoja na kifaa chake, kwenye mlango wa Subaru kwa utepe wa gundi.

"Nikishawavuta, tokeni geti la nyuma."

Akatoka kwa kasi. Land Cruiser zikamgandama.

Risasi ikavunja kioo cha nyuma. Bundi hakujibu kwa bastola yake ya Beretta. Alikata kona, akaingia geti lililokuwa wazi. Land Cruiser nazo zikaingia.

Geti likafungwa. Ulikuwa uwanja wa kikosi cha polisi wa doria, na bunduki za askari aliowaarifu njiani zilikuwa zikiwasubiri.

Adhuhuri ilipofika, simu ikaita. Mkuu wake.

"Shemeji yako yuko kizimbani. Aliyeuza masafa naye tunaye. Kazi safi, Bundi."

"Sawa, mkuu."

Ikaita tena. Dada.

"Kumbe kilikuwa kinatoka," alisema. "Mtoto amelala njia nzima."

"Dada..."

"Usije nyumbani mpaka nikuite."

Bundi alivaa miwani yake myeusi, akapita katikati ya askari waliokuwa wakimpigia makofi. Alitembea pole pole, mikono mfukoni. Kwenye kidole chake kimoja, uzi wa dada yake ulikuwa bado umejiviringisha.

Hakuutoa.