Lifti ya Waliobarikiwa

Jumatatu ile, saa mbili asubuhi, ukumbi wa chini wa lile jengo la ghorofa kumi ulifurika watu kama gulioni, wote wamekodolea macho mlango wa lifti ulioachama. Ndani yake ilionekana miguu ya mwanamume tu: buti nyeusi, soksi moja ya kijivu na nyingine ya kahawia, na ovaroli ya buluu iliyopauka magotini. Kichwa na mikono vilikuwa huko juu kwenye vyuma, vinagongagonga.

Akafika Dada Pasi, anahema. Jina hilo alipewa na wateja, maana tangu amalize shule alikuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi nyuma ya jengo hilohilo. Alivaa gauni la maua madogo ya njano, limenyooshwa hadi mishono ya ndani, na mikononi alibeba suti saba za Mchungaji wa kanisa la ghorofa ya kumi, kila moja kwenye mfuko wake wa nailoni.

"Wewe mwenye soksi za kuazimana," aliita, "hiyo lifti inapona au tuchange pesa za jeneza?"

Miguu ikatulia. "Inapona, dada. Ila daktari hapendi kusemeshwa katikati ya upasuaji."

"Daktari gani hana soksi?"

"Ninazo mbili. Hizi hapa."

Watu wakaangua kicheko. Yule fundi akashuka, uso mpana, macho ya utani, jasho linamchuruzika shingoni. Akazitazama zile suti. "Zote za mtu mmoja?"

"Za mtumishi wa Bwana."

"Bwana gani huyo anayevalisha watumishi hivi?"

"Ninayemjua mimi alikuwa na kanzu moja, na hiyo askari wakaipigia kura. Huyu wa huku juu labda ni mwingine."

Fundi Lifti alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Akampandisha yeye kwanza, peke yake, eti kwa majaribio. Walipofika ghorofa ya kumi majaribio yalikuwa yamefaulu vizuri, kwani namba ya simu ilikwisha kuandikwa nyuma ya risiti ya dobi.

Mapenzi yakaanza hivyo, kwa simu za saa saba mchana, Dada Pasi amebana simu begani huku mvuke wa pasi unapuliza.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula moshi wa pasi. Wewe?"

"Mimi niko katikati ya ghorofa ya nne na ya tano, nakula mkate gizani."

"Usianguke, bado sijakuchoka."

Sasa, mpiga pasi humjua mtu kwa kola yake. Dada Pasi alijua kwamba kola ya Mchungaji huacha weusi uleule unaoachwa na kola ya mlinzi wa mlangoni, tofauti ni marashi yaliyomwagwa juu yake. Na Mchungaji huyo kila Jumapili alinguruma kwenye vipaza sauti kwamba umaskini ni laana, kwamba mwenye imani ya kweli hatembei kwa miguu, na anayetembea ajichunguze moyo. Dada Pasi alikuwa akimsikia toka dukani, akifika kufungua maji ya kulowekea. "Ajichunguze kola," alikuwa akisema, kisha anatema mate kwenye beseni.

Miezi mitano ikapita. Kanisa likamwajiri Fundi Lifti kwa siku za Jumapili. Aliichukua kazi kwa sababu alitaka chumba chenye dirisha kabla hajapeleka wazee kuposa. Hicho alichokuwa nacho kilitazamana na ukuta. Wakampa ufunguo wa lifti na koti la zambarau lenye vifungo vya kung'aa. Utaratibu ulikuwa huu: aliyekwisha toa ushuhuda wa gari, nyumba au cheo alibandikwa utepe wa dhahabu kifuani, naye akapanda lifti. Wasio na utepe waliitwa Wanaongoja. Hao walipanda ngazi, ghorofa kumi, mpaka imani yao iwe nyepesi.

Dada Pasi alimwambia nini aliposikia habari za hilo koti? Alimwuliza kama lina mkia. Huo utaratibu wa tepe hakuambiwa. Aliambiwa tu, "Natunza lifti ya watu wa Mungu, mahabuba."

Mama yake Dada Pasi alisali hukohuko. Alikuwa mama mnene, mstaafu wa kufagia wodi za hospitali, magoti yamevimba kama maboga. Jumapili moja alisahau miwani mezani, na binti akaikimbiza. Alipoingia ukumbini akaona lifti imejaa watu wenye utepe wa dhahabu kifuani: kofia zenye manyoya, viatu vya ngozi ya nyoka, mwanamume mmoja ameshika funguo za gari nje ya mfuko ili zionekane. Hatua moja toka mlangoni alisimama mama yake, na Biblia kwapani. Ndani, kwenye vitufe, alisimama mpenzi wake na koti la zambarau. Mama alisema kitu. Fundi akabonyeza. Mlango ukafungwa mbele ya uso wa mama, naye akageuka akashika reli ya ngazi.

Dada Pasi alimwachia mlinzi ile miwani, akaelezwa naye maana ya zile tepe, akatoka bila kuaga. Saa nane simu ikalia.

"Kipenzi..."

"Kipenzi chako kina utepe?"

"Umeona nini?"

"Nimeona pazia la sarakasi linavyovaa vifungo na kumfungia mama yangu mlango. Magoti yale uliyaona au uliyaruka kutazama kofia?"

"Nisikilize, mama mwenyewe ndiye..."

"Usimtaje! Mlinzi wa mbinguni umekuwa wewe, siyo? Mimi dobi, napanda ngazi. Tafuta mwanamke wa kupanda lifti!"

Akakata, akaifungia namba ile isimpate tena. Wiki nzima akapiga pasi kwa hasira, na mashati mawili yakarudi kwa wenyewe na alama za kahawia.

Ijumaa jioni mama alikuwa ameloweka miguu kwenye maji ya chumvi. "Yule kijana wa lifti mbona hapigi?"

"Yule aliyekufungia mlango?"

Mama akamtazama, kisha akacheka hadi maji yakamwagika sakafuni. "Kanifungia? Mimi ndiye nilimwambia afunge! Kila Jumapili ananinong'oneza, 'Mama, ingia, nitasema najaribu uzito wa lifti.' Nami namwambia, funga, mwanangu, unachelewesha wenye tepe zao. Naingiaje mle na wenzangu wako ngazini?"

"Wenzako gani?"

"Wa ngazini! Ghorofa ya tatu tunapumzika, ya sita tunapumzika. Mwenye maji anatoa maji. Muuza mkaa anasimulia mwanawe alivyolazwa, tunamwombea palepale tumekaa chini. Kuna mama fulani alifukuzwa chumbani kwake. Alipata wa kumhifadhi tukiwa ghorofa ya tano, kabla hatujafika hata kwenye sadaka. Huko juu ni makelele tu. Ibada yangu mimi inaishia ya sita."

"Basi unapanda mpaka ya kumi kufanya nini?"

"Kuna viti."

Dada Pasi alitaka kucheka, akakaza uso. "Mnamjazia ukumbi mwizi yule. Wajinga ninyi."

Mama akatoa mguu mmoja majini. "Wewe binti, sikiliza. Mchungaji anatudharau kwa sababu hatuna. Wewe unamdharau yeye kwa sababu anacho, halafu unatudharau na sisi kwa sababu tunapanda. Sasa amebaki nani? Wewe na pasi yako. Unafikiri kwa kuwa huna kitu, basi Mungu ni shemeji yako?"

Binti alichukua taulo, akapiga magoti, akaanza kumfuta mama miguu, kidole kwa kidole. Kisha akatoka nje uani na simu yake.

"Nilikukosea kuhusu mama," alisema bila salamu. "Kuhusu ufunguo sijakukosea."

"Nilimwita, haki ya Mungu nilimwita."

"Yeye ulimwita. Na wale wenzake wa ngazini?"

Upande wa Fundi Lifti redio ya jirani ilisikika ikitangaza sabuni.

"Sikuwaita."

"Kwa hiyo uliona mama mkwe, hukuona watu."

"Mahabuba, nikiacha kazi ile, chumba cha dirisha sipati. Nitakuoa nikuweke wapi, kwenye kreti?"

"Mimi siolewi na koti. Usiku mwema."

Jumapili alikwenda. Alivaa gauni jeupe la pamba lisilo na hata kunyanzi moja, akamshika mama mkono. Ukumbini lifti ilikuwa wazi kama kawaida, imejaa manukato, na vitufeni alisimama mhudumu mwingine, mrefu, mikono ya koti la zambarau imemwishia karibu na viwiko. Dada Pasi akawaza: *Amehama. Nimemfukuza mjini.* Wakaanza kupanda.

Ghorofa ya tatu wakapumzika. Ya nne mama akalalamika, ya tano akaimba. Ya sita wakawakuta akina mama kama kumi wamekaa vidatuni, chupa ya maji inapita mkono kwa mkono, na katikati yao Fundi Lifti na ovaroli yake ya buluu, amebeba mgongoni mama muuza mkaa.

"Mshushe, utamvunja," Dada Pasi alisema.

Akamshusha taratibu. "Nilimwendea Mchungaji jana. Nikamwambia, wagonjwa wapande kwanza, tepe zifuate. Akaniambia, 'Kijana, kila mtu akipanda lifti, nani atatamani kubarikiwa?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilivua koti. Lifti inakwenda vizuri tu bila mimi, hakuna aliyeniulizia." Akafuta jasho. "Chumba cha dirisha hakipo tena. Ni kile kinachotazama ukuta. Ndicho ninacho."

"Ni kichafu?"

"Kiasi."

Hapo akapiga goti kwenye kidato, mbele ya akina mama wote. Mmoja akaziba mdomo, muuza mkaa akasema, "Mungu wangu, huyu hata hajanywa maji!"

"Utaolewa na mimi, Dada Pasi?"

Juu yao vipaza sauti vikanguruma, "Toka umaskini! Toka!" Dada Pasi akainua macho darini kama mtu anayetazama panya anakopita, kisha akayarudisha kwa yule aliyepiga goti.

"Nyanyuka," alisema. "Ngazi hizi hazijafagiliwa tangu zijengwe, na goti hilo ndilo nitakalolifua kila Jumamosi mpaka nife. Nyanyuka, mwanamume wewe, kabla sijabadili mawazo."

Vigelegele vikapasuka vikapanda ghorofa zote. Mlango wa juu ukafunguka, mhudumu mmoja wa kanisa akachungulia na kuweka kidole mdomoni: shii, ibada!

"Ndiyo tunayofanya!" mama alimpigia kelele. Akashika reli kwa mkono mmoja na bega la mkwewe kwa mwingine. "Haya, jamani, twendeni. Zimebaki nne."